Uzi Kwenye Shuka la Mama

Nyumbani kwa Mama,
Chumba cha mbele, kando ya cherehani.
Jumapili, baada ya chakula cha mchana.

Mpendwa mdogo wangu, Kitindamimba wetu,

Salamu kwanza, maana hata polisi hupiga saluti kabla ya kukamata. U hali gani huko uliko? Baridi imepungua, au bado mnatembea mmejifunga kama mizigo? Shemeji hajambo? Goti lake lile aliloumia mpirani limepona, au bado analitumia kama kisingizio cha kutoosha vyombo? Na wanangu, kifungua mimba na yule mtundu, wanakula, wanasoma, wanakumbuka kwamba wana mama mkubwa?

Sisi huku hatujambo. Naandika hatujambo kwa sababu ndivyo barua inavyoanza, lakini ukweli wake utaukuta huko chini. Najua unavyosoma barua: unaanzia mwisho, kwenye sahihi, halafu unapanda juu kama mteja anayekagua nguo kwa kutazama upindo kwanza. Safari hii nakuomba uanzie juu. Mama yu hai, anakula, anagomba. Hilo nimeliweka hapa mapema ili usiwe na sababu ya kuruka.

Gauni la kifungua mimba wako nimeshalikata kwa vipimo ulivyonitumia, ingawa vipimo hivyo navishuku. Kiuno hicho si cha mtoto anayekula. Angekuwa hapa ningempandisha juu ya kiti nimpime mwenyewe, nimwambie atulie, kama nilivyokuwa nikikuambia wewe. Unaikumbuka sheria ya nyumba hii: Dada akisema tulia, hatikisiki mtu mpaka aseme basi. Wewe ndiye uliyeishika kuliko wote. Siku ile mteja alipobisha hodi nikaenda kumpokea, nikanogewa na mazungumzo, niliporudi nilikukuta bado uko juu ya kiti, mikono umeinua, machozi yanakutoka na hujasema neno. Mama hutusimulia mpaka leo.

Utauliza kwa nini barua, na simu ipo. Kwa sababu simu yako siku hizi ina tabia. Zamani ukitoka zamu ulikuwa unanipigia ukiwa bado njiani, unanisimulia wagonjwa wako mpaka naunguza nguo za watu kwa pasi. Sasa ukipokea unasema, “Dada, nimechoka, kesho.” Kesho yako imekuwa ndefu kuliko shela ya bibi harusi. Nikasema moyoni: haya, mtoto ameota mbawa, ameanza maringo. Nikawaambia hata Kaka na wifi. Kaka alisema niache kushuku watu, jina la Polisi mlilonipa linanitosha. Wifi hakusema kitu, na wifi akinyamaza ujue anakubaliana na mimi.

Jambo lenyewe ni hili. Unajua kwamba Mama alianguka jikoni akifuata beseni ambalo kila mtu alishamwambia asilifuate. Unajua nyonga ilivunjika, akapasuliwa, akatiwa chuma, na upasuaji ukaenda salama. Yaliyofuata hukuyapata yote. Sikudanganya. Nilikata hapa na pale, kama fundi.

Wodi aliyolazwa ni ndefu, vitanda vimepangwa pande mbili, kila kimoja na kikabati chake cha chuma kisichofunga. Kitanda cha Mama kiko karibu na sinki la kuoshea mabeseni. Kitanda kinachofuata, upande wa dirisha, amelazwa bibi mmoja mdogo kama mto, ambaye sijaona mtu akija kumtazama. Nilimpa jina la Bibi wa Dirishani. Na muuguzi wa zamu ya mchana nilimwita Bi Haraka, kwa sababu viatu vyake vya mpira unavisikia vinakuja, na ukigeuka vimeshapita.

Siku za mwanzo nilikaa kimya, natazama. Unanijua nikikaa kimya. Niliona Bi Haraka anamwendea Bibi wa Dirishani, anamgeuza ubavu huu, baadaye anakuja kumgeuza ubavu ule, anamfuta uso, anamsukutua kinywa, anamlisha supu kijiko kwa kijiko, hata kumchana nywele. Kisha anasukuma kigari chake na kukipita kitanda cha Mama kama anapita mlangoni kwa mke mwenza. Maji ya Mama yanaachwa juu ya kabati, mahali ambapo mkono wake haufiki. Kitana nilichomletea nilikuwa nakikuta vilevile nilivyokilaza.

Lakini dawa! Dawa zilikuja kwa saa kama kengele ya shule. Vidonge, sindano, mkono kwenye kipimo cha presha, haya, kwaheri. Hilo ndilo lililonitia wasiwasi zaidi. Ningesema ni mvivu, lakini mvivu husahau vyote. Huyu alikuwa anachagua, na mtu anayechagua ana sababu.

Halafu na wewe ukaniongezea wasiwasi. Siku ile ulipopokea simu uliniuliza swali moja tu: “Mama anageuzwa?” Kabla sijajibu nikasikia kengele inalia huko kwako, ukakata. Wewe ndiye mwenyewe wa kazi hiyo. Nikasema, ikiwa muuguzi anamshuku muuguzi mwenzake, mimi mshona nguo ni nani nisishuku? Lisemwalo lipo.

Nikaanza uchunguzi. Nilidhani anataka kitu kidogo, kwa hiyo nikamshonea foronya za maua, nikampelekea huku natabasamu meno yote nje. Akazitazama, akazishika kitambaa, akasema, “Asante dada. Mpe Bibi pale, mto wake hauna foronya.” Mtu anayekataa zawadi mchana kweupe, wewe ungemwamini? Mimi nilimshuku mara mbili.

Kisha nikasema ni ndugu, damu nzito kuliko maji. Nikamsogelea Bibi wa Dirishani, nikamuuliza kwa upole kama yule muuguzi ni mjukuu wake. Bibi akacheka mpaka akakohoa, akasema kama ana mjukuu mwenye kazi ya mshahara basi ndiyo kwanza anaambiwa. Lakini foronya akazipokea.

Nikamgeukia Mama mwenyewe. Nikamuuliza kama kuna siku alimkosea yule binti. Mama akafikiri sana, akasema hajamkosea kitu, ila siku ya kwanza alimwambia tu kwamba upindo wa gauni lake la kazi umekwenda upande, na kwamba yeye ana binti fundi anayeweza kuunyoosha. Hapo nikajipiga kofi pajani. Kesi imekwisha! Mwanamke akiambiwa upindo wake umepinda mbele ya wodi nzima hasamehi. Mimi nisingesamehe.

Utauliza kwa nini sikumgeuza Mama kwa mikono yangu. Najua utauliza, sura yako nimeshaiona. Niliiogopa ile nyonga. Daktari alisema mguu usipishane na mwenzake, na mimi nikamwona Mama mzima ni yai. Lakini kusema kweli haikuwa woga tu. Dukani kwangu mteja hashoni nguo yake mwenyewe. Nilisema kila mtu na kazi yake, na kwamba nikiifanya mimi, Bi Haraka atapata pa kujificha. Nilitaka ionekane wazi kwamba hafanyi.

Katika siku hizohizo Mama akawa analalamika kwamba shuka lina chembe za mkate, zinamchoma chini ya mgongo. Nikapitisha mkono pembeni, nikapapasa, nikapangusa, sikuona chembe. Nikaliongeza kwenye mashtaka: hata shuka halikung'utwi.

Basi siku ya uzi ikafika. Niliingia wodini asubuhi na sindano yangu imechomekwa kwenye ukosi kama kawaida. Nikatoa uzi mweupe mwembamba, ule wa kushikizia nguo kabla ya kuipitisha mashineni, unaokatika ukiuvuta kidogo tu. Nikamwambia Mama, “Tulia, nisikudunge.” Nikalishikiza gauni lake la hospitali kwenye shuka, begani na karibu na paja, mishono mirefu michache, nikafunika blanketi. Mtu akimgeuza Mama, uzi unakatika. Asipomgeuza, uzi unabaki, na uzi hauna ndugu wala rafiki. Cheka tu. Mimi mwenyewe nilicheka, kwa furaha.

Nikavuta kiti, nikakaa. Sikwenda dukani, sikwenda hata kununua chai. Kila viatu vya mpira vilipolia nilijifanya nasinzia, jicho moja liko kwenye blanketi. Bi Haraka alikuja na dawa, akatoa, akapima presha, akaondoka. Baadaye akanipigia kelele kutoka kitanda cha mbali, mikono yake imo ndani ya beseni la mgonjwa mwingine.

“Dada, mama yako anaendeleaje?”

“Yupo,” nikamjibu, kavu.

Akatikisa kichwa kama aliyeridhika, akaendelea na beseni lake. Nikasema moyoni, nenda, nenda, leo utanijua.

Mama alikuwa mtulivu ajabu siku hiyo. Kwa kawaida hakai bila kuomba mto usogezwe, au pazia livutwe, au fulani asemwe. Siku hiyo hakuomba kitu. Nilimlisha supu akaimeza amelala vilevile, na nilipomuuliza kama yuko sawa akasema yuko sawa. Nilifurahi nikidhani amechoka kugomba, akaniacha nifanye kazi yangu.

Jioni ilipokaribia, Kaka na wifi wakaja. Nikawafunulia blanketi kidogo, nikawaonyesha uzi. Kaka akashika kichwa kwa mikono miwili, akasema safari hii nimevuka mpaka. Wifi akauinamia uzi, akauhesabu mshono kwa mshono, akasema, “Wifi, umemkamata.” Nikaenda mbio kumwita Matroni.

Matroni ni mama mtu mzima, anatembea pole pole, miwani inaning'inia kifuani. Alikuja na Bi Haraka nyuma yake akijifuta mikono. Nikafunua blanketi kama wakili, nikasema kwa sauti ili hata walio mlangoni wasikie, “Tangu asubuhi! Uzi huu hapa, mzima, mama yangu hajaguswa na mtu!”

Matroni alivaa miwani, akashika shuka, uzi ukakatika, akamgeuza Mama ubavu taratibu huku Bi Haraka akimtegemeza miguu. Pale chini ya uti wa mgongo, mfupa unapotokeza, ngozi ilikuwa imegeuka zambarau, na katikati imefunguka, mbichi, ukubwa wa kifungo cha koti. Ndizo chembe za mkate nilizokuwa nikizitafuta.

Wifi alitoka nje. Kaka akageukia ukuta. Mimi nilijaza mdomo maneno, nikamgeukia Bi Haraka, na yeye akanitazama usoni kwa mara ya kwanza tangu tuonane. Hakuwa na hasira. Alikuwa ameshangaa.

“Dada,” akasema, “si ulikuwepo?”

Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo. Mimi nilikuwepo, kutwa nzima, kiti changu kimegusana na kitanda, na bado la Mama halikuwepo. Uzi ulikuwa ushahidi kweli, lakini ushahidi wa watu wawili.

Nikamuuliza, sasa sauti imeshuka, kwa nini hamfikii Mama na wengine anawafikia. Akajibu bila kuficha. “Kitanda chenye mtu nakiacha mwisho, dada. Naanza na wasio na mtu, maana nikiwaruka hao wamekwisha. Mama yako ana wewe. Kila nikitazama naona upo, nasema ameshageuzwa. Ila siku hizi huo mwisho wenyewe siufikii.”

“Hiyo siyo taratibu ya hapa,” Matroni akasema. Lakini aliyasema hayo akitazama sakafu, na mtu anayezungumza na sakafu mimi namjua. Matroni anajua. Wote wanajua kwamba hivyo ndivyo wanavyogawana vitanda, wenye watu na wasio na watu, na hakuna anayemwambia ndugu wa mgonjwa, kwa sababu akiambiwa itabidi mtu fulani mkubwa akiri kwamba wodi nzima ina wauguzi wawili. Sisi tunakaa pale tukidhani wanafanya wao, wao wanapita wakidhani tunafanya sisi, na mgonjwa katikati anaoza kwa heshima.

Kabla ya kuondoka Matroni akamwambia Bi Haraka aandike maelezo, hatua zitachukuliwa. Alisema hivyo kwa sauti ya juu, kwa ajili yangu. Nilikuwa nimekisubiri kitu hicho tangu siku ya foronya, na nilipokipata sikukitaka tena.

Nyumbani nilikaa kwenye cherehani, nikashindwa hata kutunga uzi. Nilimshuku Bi Haraka, nikamshuku Matroni, nikamshuku daktari anayesimama mwisho wa kitanda na kuuliza “tumeamkaje” bila kufunua shuka. Kila niliyemshuku alikuwa na sehemu yake. Lakini kikulacho ki nguoni mwako, na hiki kilikuwa kwenye nguo kwa sindano yangu mwenyewe.

Kesho yake nikaenda kwa Matroni kabla ya kwenda kwa Mama. Nikamwambia kidonda ni changu pia, nilikaa pale kutwa, kama ni maelezo basi na mimi niandike yangu. Unajua alinijibuje? Alivua miwani akanikazia macho. “Jana ulitaka afukuzwe, leo unamtetea. Amekupa nini?” Mdogo wangu, ndipo nikajua jinsi inavyokera kuzungumza na mtu kama mimi. Mwishowe Bi Haraka alionywa, akabaki. Siamini kwamba ni kwa maneno yangu. Nashuku wangemfukuza angebaki mwenzake peke yake.

Nilipotoka pale nilimkuta Bi Haraka anamfunga Mama kidonda. Hakuninunia. Aliniambia ninawe mikono, akanionyesha: mto mmoja nyuma ya mgongo, mwingine katikati ya magoti ili ile nyonga isipinde, visigino vining'inie visiguse godoro, na kumgeuza ni kwa shuka, si kwa kumvuta bega. Kilichoniogopesha siku zote hizo kilikuwa kazi ya kufundishwa mara moja. Nikamuuliza kwa nini dawa hazikosi. Akasema, “Dawa ikikosekana naulizwa siku hiyohiyo. Mgongo hauulizwi na mtu mpaka uoze.”

Tukawa tunazungumza kila anapopita, maneno mawili matatu. Aliniambia wenzake wengi wameacha, wengine wamekwenda nchi za mbali, huko mliko nyinyi. Mbona na wewe ulisema huko mko wachache? Sasa wauguzi wote wamekwenda wapi? Mtu anawaficha, au mtu ameamua wachache wanatosha. Mimi nashuku hilo la pili.

Akaniambia jambo jingine, ndilo lililonifanya nichukue kalamu. Akitoka kazini haingii ndani moja kwa moja. Anakaa kwenye ngazi za nyumba yake, viatu hajavua, anasikia watoto wake ndani na hawezi kufungua mlango. “Niliowafikia siwakumbuki, dada,” akasema. “Wale ambao sikuwafikia ndio naondoka nao.” Anasema zamani alikuwa anapenda kusimulia habari za kazi. Sasa mumewe akimuuliza, anajibu amechoka, kesho.

Nilipolisikia hilo neno nilishika reli ya kitanda. Ile kesho yako. Mimi niliyewaambia watu wote hapa kwamba una maringo, kumbe huenda na wewe unakaa mahali fulani na viatu vyako, na orodha ya watu kichwani. Simu zako zote nikazisikia upya. Hata lile swali lako, “Mama anageuzwa?”, silisikii tena kama swali la mtu anayemshuku mwenzake. Nalisikia kama la mtu anayejua, kwa sababu siku hiyohiyo kuna mama wa mtu mwingine ambaye yeye hakumgeuza. Kama nimekosea nisahihishe. Kama sijakosea, usiniambie hujambo.

Sasa habari za Mama, bila kukata. Kidonda kilimrudisha nyuma. Daktari alitaka akae na aanze kutembea mapema, lakini kukaa kulimuuma, na kadiri alivyolala ndivyo miguu ilivyosahau kazi. Kuna siku niliamini hatatembea tena, na nililitamka hilo mbele ya Kaka, akanikemea kwa woga uleule niliokuwa nao mimi. Tukagawana zamu: mimi asubuhi mpaka mchana, wifi alasiri, Kaka siku za mapumziko. Leo ni zamu yake, ndiyo maana naandika. Tunamgeuza Mama, na kwa kuwa mikono tayari ipo, tunamsaidia Bi Haraka kumgeuza Bibi wa Dirishani, ambaye hulala kwenye foronya za maua na kuniita mjukuu wake.

Kidonda kimeanza kuwa chekundu chenye afya, anavyosema Bi Haraka, ingawa hakijafunga na hajaniahidi lini kitafunga. Juzi Mama alisimama kwa kile chuma cha miguu minne cha kutembelea, akaenda mpaka dirishani, akachungulia nje, akasema wameanika mashuka ovyo. Akarudi. Nililia mbele za watu na sikujali. Upindo wa gauni la Bi Haraka nimeunyoosha, alinivulia gauni akakaa na kanga yangu wakati nashona. Ulikuwa umepinda kweli.

Nisalimie Shemeji sana, mwambie goti halioshi vyombo, mikono ndiyo inayoosha. Wabusu wanangu wawili, na kifungua mimba apimwe kiuno upya mbele ya shahidi. Kaka anakusalimu, wifi anakusalimu na anaomba picha ya jiko lako, sijui anachunguza nini. Bi Haraka pia anakusalimu, ingawa hamjuani, nilimwambia nina mdogo wangu wa kazi yake, akaniuliza tu, “Anaweza kulala?” Mungu akufunike huko uliko, akupe usingizi, na akupe mtu wa kukuuliza swali akangoja jibu.

Nimebakiza neno moja, nalo si langu. Ijumaa nilikuwa namgeuza Mama, nikapata ujasiri wa kumuuliza kama siku ile ya uzi alikuwa anaumia.

“Sana,” akasema.

“Sasa mbona hukujigeuza, Mama? Mbona hata hukusema?”

Akanitazama kama ananihurumia. “Si uliniambia nitulie? Nilikuwa nasubiri useme basi.”

Mdogo wangu, sikuwahi kulia hivyo tangu tulipomzika Baba. Alilala kutwa juu ya kidonda, anameza supu yangu, ananiambia yuko sawa, kwa sababu ya sheria yangu ya juu ya kiti. Aliniacha nikalia mpaka nikamaliza. Kisha akasema nikuandikie. “Yule mdogo wako ndiye mwanangu wa kutulia,” akasema. “Aliambiwa atulie huko aliko, akatulia. Muulize nani amemwambia basi.”

Nami sitaki kukuuliza, maana utajibu kesho. Nakuambia mwenyewe, mimi niliyewahi kukusahau juu ya kiti. Basi, mdogo wangu. Shusha mikono.

Ni mimi dada yako akupendaye, hata ninapokushuku,

Polisi